Wawili Huingia, Mmoja Hutoka

"Mtu anayekimbia maji hafungi kamera kwa mkanda wa suruali," alisema Sajenti Edie Larter.

Alikuwa amesimama juu ya ukuta wa bahari wa Gorsham, ukuta wa udongo na majani unaozuia maji yasiingie mashambani. Ilikuwa Juni lakini upepo ulikuwa wa Februari. Kando yake Wilf Gotts, mlinzi wa ndege wa kinamasi kile, hakuondoa jicho kwenye darubini.

"Roland angeweza," alisema Wilf. "Lenzi ile aliipenda kuliko mke wake. Muulize mkewe."

"Nimemuuliza. Kasema hivyo hivyo."

Roland Pegg alikuwa amepiga picha za ndege maisha yake yote. Alhamisi asubuhi walimkuta kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia kinamasini, kifudifudi, buti zimejaa tope. Daktari hakuona jeraha. Maji ya chumvi kwenye mapafu, basi. Pale Gorsham kila mtu alisema bahari imemchukua, na mkuu wa Larter kule Norwich alitaka faili lifungwe kabla ya wikendi.

Ila kamera ilikutwa kavu. Ilikuwa ndani ya kibanda cha kupigia picha, kule mbali kwenye tope, imeviringishwa ndani ya koti na kufungwa juu kwenye boriti kwa mkanda wa marehemu. Kwa hiyo Roland aliyaona maji yakija, na alikuwa na muda. Sasa mtu mwenye muda, mbona hakutoka?

"Jumatano ulikuwa hapa, mzee?"

"Mchana kutwa."

"Uliona nini?"

"Buabua wametulia vizuri. Kipanga alipita, wakamfukuza. Shakwe mmoja mkorofi alijaribu kuiba yai, wakamfukuza na yeye."

"Nauliza watu."

"Ah, watu." Wilf alikuna kidevu. "Asubuhi wawili waliingia kibandani. Mmoja akatoka, akaenda zake. Hakuna kingine."

Larter aliacha kuandika. "Wawili wakaingia, mmoja akatoka. Halafu mtu akafa. Na hukushtuka?"

Hapo ndipo Wilf alipoinua jicho. Alimtazama Larter kama vile ameuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Dada, ndivyo tunavyoingia. Ndege hajui kuhesabu. Ukiingia peke yako, anajua uko mle ndani. Anabaki angani anapiga kelele, na mayai yanapoa. Lakini mkiingia wawili, mwenzako akaondoka wazi wazi, ndege anaona watu wameshaenda. Anarudi kulalia mayai. Unapiga picha zako kwa raha. Baadaye yule mtu wa kutoka anakuja kukuchukua."

"Na asipokuja?"

"Anakuja."

"Nasema asipokuja."

"Unangoja," alisema Wilf. "Ukitoka peke yako ndege atajua kibanda kinatema watu. Hatakiamini tena msimu mzima. Hapa hakuna anayefanya hivyo. Roland mwenyewe ndiye aliyetufundisha."

"Mtu wa kutoka Jumatano alikuwa nani?"

"Sikumwona uso. Koti la kijani, kofia ya koti kichwani."

Larter alitazama kando ya ukuta. Pamoja na Wilf, watu saba wa kila umri walikuwa wamejipanga nyuma ya darubini zao. Wote makoti ya kijani. Wote kofia za koti kichwani.

"Asante," alisema. "Umenisaidia sana."

"Mtafute Dougie Sparkes. Yule mwizi wa mayai. Roland ndiye aliyempeleka mahakamani."

"Jumatano Sparkes alikuwa kwa daktari wa meno. Kang'olewa magego mawili. Nimeongea na daktari, nimeongea na Sparkes. Yaani nimejaribu, mdomo bado umevimba." Larter alifunua ukurasa mwingine. "Njia ya kwenda kibandani ni ile yenye vijiti vyekundu?"

"Ilikuwa. Dhoruba ya Mei imeilainisha, ukipita pale unazama kiunoni. Njia mpya inazunguka kushoto. Tuliifungua mimi na Roland, hakuna mwingine anayeijua. Vijiti nitahamisha goti likipona."

Larter aliandika.

"Mnaongea sana hapo," ilisema sauti ya mwanamke upande wa pili. Alikuwa Bibi Thirtle, mwalimu mstaafu, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. "Buabua wanasikia. Na wewe binti wa polisi, ukienda kule, usikanyage mgongo wa changarawe. Umesikia? Mayai yanafanana na mawe, huwezi kuyaona. Ukikanyaga nitakushtaki mimi mwenyewe, beji yako siiogopi."

"Nimesikia, bibi."

"Wote husema wamesikia."

Mtu wa nane alipanda ukuta akiwa na chupa ya chai. Mrefu, sauti ya upole, mvi zimechanwa vizuri. Clive Haddow alikuwa na duka la fremu mjini, na picha yake ya bundi mweupe anayeruka juu ya theluji ilikuwa imeshinda tuzo kubwa mwaka uliopita. Ilikuwa kwenye kalenda, kwenye vikombe, kwenye taulo za jikoni. Watu walilipa kwenda kufundishwa naye. Yeye na Roland walikuwa marafiki tangu ujana, na msibani ndiye aliyemshika mjane mkono.

"Pole na kazi, Sajenti. Chai?"

"Asante, Bwana Haddow. Jumatano ulikuwa wapi?"

"Dukani. Nyuma, nakata vioo. Sina shahidi ila vidole vyangu." Alionyesha plasta mbili. "Upande ule wa kibanda sijakanyaga tangu Pasaka. Ningekuwepo, labda Roland angekuwa hapa anatucheka."

Larter alitoa bahasha kwenye koti. "Hii ilikuwa ndani ya begi la Roland. Ni bundi wako, sivyo?"

Clive aliipokea. Ilikuwa picha ile ile ya tuzo, na mguu mmoja wa bundi ulikuwa umezungushiwa kalamu nyekundu.

"Mbona kazungushia mguu?"

Clive aliileta karibu na macho. Upepo ulikuwa unaipeperusha, akaishika kwa mikono miwili.

"Roland alikuwa na jicho kali," alisema. "Labda aliona pameingia ukungu kidogo. Umemwonyesha nani mwingine?"

"Bado. Nilitaka nikuulize mwenyewe kwanza."

"Umefanya vizuri." Alimrudishia picha. Alimimina chai, akampa kikombe, akamngoja anywe. "Sajenti, ushawahi kukaa kibandani? Huwezi kuelewa alivyokufa mpaka ukae pale alipokaa. Twende nikupeleke. Nitakuwa mtu wa kutoka, nitakufuata baadaye."

"Leo bamvua, Clive, maji makubwa," alisema Wilf bila kugeuka.

"Maji ni jioni, mzee."

"Si jioni sana."

"Nilianza kuja hapa wewe bado una nywele."

Bibi Thirtle alicheka puani. Larter aliangalia saa. Alikuwa na mchana mzima, na mkuu wake angependa kusikia kwamba amekwenda mwenyewe kuona mahali penyewe.

"Twende," alisema.

Walishuka ukuta, wakaingia kwenye kinamasi. Clive alitangulia. Tope lilivuta buti kama mtoto anayenyonya. Walipofika kwenye kijiti cha kwanza chenye rangi nyekundu, Clive alikipita, akakunja kushoto, akapita kati ya vidimbwi bila kupunguza mwendo.

"Si tufuate vijiti?" aliuliza Larter.

"Huko utazama. Nifuate nyayo."

Wakavuka hori kwa ubao mmoja uliolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Chini kabisa palikuwa na kijito cha maji, chembamba, unaweza kukiruka. Baada ya hori tope tupu, halafu kibanda: sanduku la mbao lenye rangi ya matope, limefungwa kwenye nguzo nne, mlango nyuma, mbele tundu refu jembamba la kupitishia lenzi. Mbele yake ulikuwa mgongo wa changarawe, umeinuka kuliko kila kitu pale, na umezungushiwa kamba yenye vibao vya kukataza.

Buabua waliwaona. Wakapanda wote, weupe, wadogo, midomo ya njano, wakaanza kulia na kupiga mbizi juu ya vichwa vyao. Mmoja alimnyea Larter begani.

"Baraka hiyo," alisema Clive. Alifungua mlango. "Kaa hapo kwenye benchi. Usitoe mkono nje. Na usifungue mlango mpaka nije, Sajenti. Tafadhali sana. Roland asingekusamehe."

Mlango ukafungwa. Hatua zake zikaenda zikirusha matope, mpaka hazikusikika tena.

Ikawa kama Wilf alivyosema. Ndege walimwona mmoja akiondoka, wakaridhika. Walitua mmoja mmoja, wakatikisa mabawa, wakajishusha juu ya mawe, na hayakuwa mawe. Buabua wa karibu alikuwa hapo mbele, karibu kiasi kwamba Larter aliona jicho lake jeusi likimtazama bila kumwona. Kimya kilirudi.

Larter alianza kazi. Juu kwenye boriti palikuwa na alama ya kusuguliwa, pale mkanda ulipofungwa. Mlango haukuwa na komeo wala msumari, si nje wala ndani. Hakuna aliyemfungia Roland. Akakaa alipokaa Roland, akatazama alipotazama. Kwenye tundu lile kulikuwa na changarawe, ndege, na kipande cha mbingu. Bahari yenyewe ilikuwa nyuma ya mgongo, haionekani. Hori lilikuwa nyuma ya kibanda, halionekani. Mtu ndani ya sanduku lile alikuwa anaona ndege tu.

Alingoja. Mikono iliingia ganzi. Alikula mkate wake wa jibini na achari polepole, karatasi isipige kelele, kisha akajiona mjinga kwa kuwaonea haya ndege. Clive hakuja.

Kwa kukosa la kufanya alitoa tena ile picha. Bundi, theluji, duara jekundu. Aliileta karibu na mwanga wa tundu. Palikuwa wazi kabisa pale mguuni, wala pasingeweza kuitwa ukungu. Manyoya ya mguu wa bundi ni kama soksi, yanashuka mpaka kwenye kucha. Kwenye huu soksi ilikuwa imekatika. Palikuwa na mstari mwembamba usio na manyoya, umezunguka mguu kama alama ya pete kwenye kidole.

Alishawahi kuona mguu kama huo. Kwenye maonyesho ya kilimo kule Norwich, banda ambalo watoto wanalipa kumshika bundi. Bundi wale hufungwa kamba ya ngozi mguuni wasiruke, na ngozi inakula manyoya.

Kwa hiyo bundi wa kalenda hakuwa wa porini. Alikuwa ndege wa kufugwa, amekodiwa, amerushwa juu ya theluji, na tuzo ikachukuliwa. Roland alikuwa amegundua. Watu hawa wangekusamehe deni, wangekusamehe kutoroka na mke wa mtu, lakini hilo wasingekusamehe mpaka kaburini.

"Na mimi nimekwenda kumwonyesha," alisema Larter kwa sauti ndogo. "Nikamwambia hakuna mwingine aliyeiona."

Halafu la pili likaja lenyewe. Vijiti. Wilf alisema njia mpya ni ya baada ya dhoruba ya Mei, na wanaoijua ni yeye na Roland tu. Clive hajakanyaga huku tangu Pasaka. Na Clive alikunja kushoto kwenye kijiti cha kwanza kama mtu anayeenda chooni kwake.

Alikuwa amepita na Roland. Jumatano. Yeye ndiye mtu wa kutoka.

Hapo ndipo aliposikia sauti. Ilikuwa ndogo, nyuma yake, kama mtu anayekunywa supu bila adabu. Ilitoka chini ya mlango.

Larter alifungua.

Tope lilikuwa limekwisha. Mahali pake palikuwa na maji ya kijivu, bapa, yanakuja bila haraka wala povu, yanaingia kwenye nyayo zao na kuzijaza. Hori lilikuwa limejaa mpaka kwenye kingo. Ubao ulikuwa umeng'oka na unaelea mbali, unaelekea bara. Maji hayakutoka mbele, baharini, kama alivyofikiri. Yalipita pembeni, yakapanda kwenye hori, yakamzunguka kwa nyuma wakati anatazama ndege.

Alibonyeza redio. Ilikoroma. Simu haikuwa na mtandao. Alipiga kelele mara tatu, upepo ukazirudisha kinywani mwake.

Kule mbali ukuta ulikuwa mstari, na juu ya mstari vichwa vidogo kama misumari. Watu wanane, darubini nane, kila moja ya bei ya gari. Wangeweza kuhesabu manyoya ya buabua kutoka pale. Na wote walijua kitu kimoja: wawili waliingia, mmoja katoka. Mambo yako sawa.

Alijaribu hori. Hatua ya kwanza maji yalifika mapajani, ya pili kifuani, na baridi ikamkaba pumzi. Halafu mkondo ulimshika miguu na kuivuta upande, kwa nguvu, kama mtu mzima anayevuta zulia. Buti moja ilibaki chini. Alienda chini, akameza chumvi, akashika mzizi, akashika nyasi, akajivuta kwa viwiko mpaka kwenye tope, akatapika mkate wa jibini.

Aliporudi kibandani maji yalikuwa yameshapanda juu ya benchi. Meno yalikuwa yanagongana. Alitazama boriti, alama ya mkanda.

Roland alisimama hapa hapa. Alifunga kamera yake juu, kwa sababu alijua atarudi kuichukua. Akaingia horini, kwa sababu hakuona njia nyingine.

Lakini njia nyingine ilikuwepo. Larter aligeuka kwenye tundu. Mbele yake, hatua chache tu, mgongo wa changarawe ulikuwa mkavu kama sakafu ya kanisa. Kamba. Vibao. Buabua wamelala juu ya mayai yao, macho nusu yamefungwa.

Roland aliuona. Alikaa mbele yake mchana kutwa. Alichagua hori.

Na Clive alijua kwamba atachagua hori. Hakuhitaji kamba, wala kisu, wala komeo la mlango. Alichofanya ni kutokuja.

Larter alipita kando ya kibanda, maji kiunoni, akainua kamba, akapanda.

Ndege wote walilipuka. Kelele zilikuwa kama vioo vinavunjwa. Walimshukia usoni, midomo ikampiga kichwani, mikononi. Alitambaa akipapasa kila jiwe kabla ya kuliwekea goti, na bado, chini ya kiganja cha kushoto, kitu kililia krak, kikawa na uvuguvugu. Aliendelea. Alifika juu, akasimama kwa buti moja, akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kuruka na kupiga kelele ili hata yule buabua mmoja aliyekuwa anataka kutua asitue.

Kule ukutani misumari ilitikisika.

Kwanza mmoja, halafu wote. Walisimama. Mikono ilianza kupunga, na haikuwa salamu. Kipande cha sauti kilifika na upepo, sauti ya Bibi Thirtle: "...toka hapo... toka..." Filimbi ililia. Watu wanane walikuwa wanamwambia ashuke kwenye maji.

Mmoja wao, mrefu kuliko wengine, alikuwa ameshashuka chini ya ukuta. Hakuwa anapunga kwa hasira. Alikuwa anaonyesha kwa mkono, taratibu, kwa upole: huku, pita huku. Alikuwa anaonyesha hori.

Larter alikaa chini juu ya changarawe. Hakuenda popote.

Aliyekuja alikuwa Wilf. Alikuja na boti bapa ya kukatia matete, akiisukuma kwa mti mrefu, uso mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Alianza kugomba kabla hajafika.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Miaka kumi na tisa nalinda mgongo huu. Nimelala hapa na mvua. Nimepigana na mbweha kwa mikono. Shuka hapo. Shuka, nasema."

"Nishuke wapi, mzee?"

"Kwenye—" Wilf alitazama alipokuwa anaonyesha. Palikuwa na paa la kibanda tu, na maji yamefika kwenye tundu. Alitazama buti moja ya Larter, nywele zake, midomo ya bluu. Mti ulisimama mkononi mwake. "Clive hakuja kukuchukua?"

"Hakuja."

"Alisema umeshatoka. Kaja ukutani, kasema umechoka baridi, amekutoa kwa njia ya mashariki, umekwenda kwenye gari lako. Akatugawia biskuti."

"Ningekuwa kimya ungejua lini?"

Wilf alilaza mti botini. Alimshika mkono, akamwingiza botini, akamfunika koti lake. Juu yao buabua walikuwa wanaanza kushuka tena, mmoja mmoja. Alisukuma kidogo, akaacha, boti ikazunguka yenyewe.

"Jumatano hawakuruka," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Roland alikuwa huku, maji yanapanda, nami nimekaa pale na darubini. Nikawaambia wenzangu, leo wametulia sana. Tukafurahi."

"Sukuma, mzee," alisema Larter. "Asije akaondoka."

Clive hakuwa ameondoka. Mtu akikimbia ameshakiri. Alikuwa anawangoja juu ya ukuta, amekunjua blanketi, na wengine wamesimama nyuma yake wamekasirika. Bibi Thirtle alikuwa mbele.

"Umekanyaga mangapi?" aliuliza.

"Moja," alisema Larter. Meno yalimkatalia, akarudia. "Labda mawili."

"Sajenti, jamani." Clive alimsogelea na blanketi. "Nilirudi kukufuata, nikaona kibanda kiko wazi, nikajua umetangulia. Ungeningoja kidogo tu."

"Uliwaambia hawa umenitoa kwa njia ya mashariki."

"Nilisema nadhani—"

"Hukusema nadhani," alisema Bibi Thirtle polepole. Bado alikuwa anamkazia macho Larter, lakini sauti ilikuwa imegeukia upande mwingine. "Ulisema umemfikisha mpaka kwenye gari."

Larter alichukua blanketi, kwa sababu alikuwa anakufa baridi, akajifunika. Kisha akamshika Clive Haddow mkono juu ya kiwiko. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hakuwa na uhakika kama amemshika kweli au amemgusa tu. Kama angetaka kujichomoa, angejichomoa. Gari la Clive lilikuwa chini tu ya ukuta.

"Clive Haddow, nakukamata kwa kifo cha Roland Pegg. Ulimpeleka Jumatano, ukatoka, hukurudi. Alikuwa anakwenda kuwaambia kwamba bundi wako ni wa kufugwa."

 Clive hakumtazama yeye. Aliwatazama wenzake, mmoja mmoja, watu aliokunywa nao chai kwenye ukuta ule miaka na miaka.

"Mnamsikiliza huyu?" alisema kwa upole ule ule. "Mmeona wenyewe alichofanya. Amepanda juu ya viota. Amevunja mayai mbele ya macho yenu, katikati ya msimu, halafu anakuja kutufundisha sisi. Roland angesema nini?"

Hapo ndipo Larter alipoogopa kuliko horini. Macho yalikuwa kwake, magumu. Mtu mmoja nyuma alitikisa kichwa. Aliuona mkono wa Clive ukianza kujivuta taratibu kutoka kwenye vidole vyake.

Wilf alikuwa bado chini, anafunga boti kwenye nguzo. Alimaliza fundo. Akapanda ukuta kwa goti lake bovu, akaja kusimama mbele ya Clive, karibu mno, njiani kabisa.

"Roland alisimama pale pale," alisema. "Changarawe kavu iko mbele yake. Hakukanyaga hata moja."

Bibi Thirtle alivua kofia yake ya sufu. Mwingine alisogea upande wa njia ya magari, kisha mwingine, bila kuambizana, mpaka njia ikajaa. Nyuma yao darubini zilikuwa zimeachwa kwenye miguu yake, zinatazama mgongo wa changarawe, na hapakuwa na mtu nyuma ya hata moja.